Timazi

Kazi yangu ilikuwa kushusha timazi.
Ya shaba, maana shaba haitoi cheche,
imefungwa kwenye utepe wa chuma,
ncha yake nimeipaka dawa ya rangi ya bizari
igeukayo nyekundu ikigusa maji.
Vidato sabini na viwili hadi paa la tangi nambari tisa, Changamwe.
Naupa upepo mgongo, nafungua kifuniko,
nabana pumzi, nashusha,
nasikiliza inavyogonga sakafu: ti.
Napandisha. Nasoma. Naandika.

Miaka ishirini na sita nimesoma kina cha mali ya watu.

Kutoka juu kule waona yote.
Kipevu, meli imelala ubavuni mwa gati
kama mgonjwa aliyetundikiwa mipira.
Bomba laibuka, lazama chini ya barabara,
lapita Miritini, lapanda bara
bila kuaga.
Na waona uani kwangu, Chaani:
Mejumaa anamimina kwenye stovu
mafuta ya taa ya shilingi hamsini
aliyopimiwa dukani kwa chupa ya dawa ya kikohozi.

Penye miti, walisema, hapana wajenzi.
Wajenzi wapo, bwana!
Wapo langoni tangu alfajiri,
vyeti vyao ndani ya mfuko wa nailoni,
wanangoja kuitwa kibarua cha siku moja.

Mwaka ule yakaja malori kutoka Turkana.
Mafuta yetu, redio ikasema. Yetu.
Nikalitafuna neno lile siku nzima.
Yalisafiri yamepashwa moto, yamefunikwa,
kwani mafuta ya kule yakipoa huganda
kama samli, kama mtu aliyekataa safari.

Utingo mmoja, Ewoi, akashuka.
Bahari hakuiuliza.
Aliuliza mfereji uko wapi.
Nikamwonyesha. Nikafungua.
Ukakoroma, ukatema hewa, ukanyamaza.
“Leo si zamu yetu,” nikamwambia, na uso wangu nikauficha.
Tukanunua dumu kwa mwenye mkokoteni,
dumu la njano, chapa ya mafuta ya kupikia haijafutika,
na juu ya maji upinde mdogo wa mvua ukielea.
Akanywa. Akasema:

“Kwetu kisima cha mafuta kina ua, taa na askari.
Kisima cha maji kina foleni.
Taa zile huwaka hadi kuche.
Mtoto wa dada yangu hufanyia hesabu zake nje ya ua,
na mbuzi hawajui tena lini ni usiku.”

Kisha: “Wewe mpimaji, hebu niambie.
Yakitoka hapa yaenda wapi?”
Nikanyoosha kidole upande wa lango la bahari.
“Na hurudi?”
“Hurudi,” nikasema. “Yakiwa na bei.”

Nyuma yetu mtambo wa kusafishia ulikuwa umesimama,
kutu imeshika, kunguru wamejenga.
Nilipoajiriwa, moto wa bomba lake la juu
ulitumulikia hata njia ya msalani.
Ulipozimwa, wenzangu waliuza ovaroli zao Kongowea,
na walizozinunua wakazivaa kulimia.

Chini ya kila tangi, ujue, pana maji.
Ni mazito, hutuama.
Hufunguliwa koki yakamwagwa.
Hayaingii hesabuni.

Sasa nimestaafu. Timazi nilibaki nayo;
hakuna aliyeiulizia.
Maji yakija, Jumanne, saa nane za usiku,
naishusha katika pipa la Mejumaa
na kuandika kwa mkaa ukutani:
sentimita arobaini na moja.
Mejumaa ananiona mwehu, ila pipa halifunuliwi kabla sijapima.

Ewoi hunipigia simu mara mojamoja.
Juzi nikamuuliza, “Kwenu leo kina gani?”
Akacheka. “Subiri,” akasema,
nikamsikia akitembea, changarawe chini ya miguu,
akisogeza watu, akiokota jiwe.
“Nimelitupa,” akasema. “Sikiliza.”

Nikaikaza simu sikioni.
Mejumaa akapunguza moto wa stovu.
Salio likawa linakwenda,
na jiwe linashuka.